Vita ya ngome huamuliwa nje ya ukuta

Kati ya michezo yote ya vita ya mezani, hakuna ninaoupenda kama wa kuzingira ngome, na hakuna unaochezwa vibaya kama huo. Kawaida huwa hivi: anayelinda anapanga askari wake juu ya ukuta, anayeshambulia anapanga wake upande wa pili wa meza, kisha wote wawili wanarusha dadu mpaka mmoja achoke. Mlinzi hana sababu ya kushuka. Mshambulizi hana njia ila kupeleka watu kwenye ngazi. Mchana mzima unapita, ukuta umejaa majeraha, na ukiwauliza wachezaji ni wakati gani walikaa wakaumiza kichwa, hawana jibu.

Hilo linaniuma, kwa sababu kuzingira ngome ndiyo vita yenye maamuzi mazito kuliko zote. Nataka kueleza jinsi mimi na mdogo wangu tulivyoirudishia uzito wake, hapa nyumbani Kibosho, juu ya Moshi mjini, kwa kitu ambacho kila mtoto wa Kilimanjaro anakijua: mfongo, yaani mfereji wa maji wa Wachagga.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe: ni vita vya majeshi ya kubuni, vibeti, mizuka, majitu, wachawi, vinavyochezwa na watu wawili juu ya meza kwa sanamu ndogo, futikamba na dadu. Kila mmoja anaunda jeshi lake kwa alama mlizokubaliana, kisha mnapeana zamu. Umbali wa kwenda unapimwa kwa inchi. Kama pigo limempata adui au limemkosa, dadu ndizo zinazosema. Warhammer, iliyotoka Uingereza mwaka 1983, ndiyo iliyoupa mchezo huu umaarufu, na mwaka 1998 kampuni yake, Games Workshop, ilitoa kitabu kizima cha kanuni za kuzingira ngome. Sisi tunacheza Kings of War, wa kampuni ya Mantic, ulioanza mwaka 2010.

Tuliuchagua kwa sababu moja kubwa. Katika Kings of War kikosi ni kitu kimoja. Askari hawaondolewi mmoja mmoja; majeraha yanajumlishwa pembeni. Kikosi kikishaumizwa, adui anarusha dadu mbili, anajumlisha na majeraha yote yaliyokwisha kuingia, kisha analinganisha na kipimo cha moyo cha kikosi hicho. Jumla ikifika namba ya kwanza, kikosi kinasita na zamu inayofuata hakiwezi kusonga mbele wala kushambulia. Ikifika namba ya pili, kinavunjika na kuondoka mezani chote. Kwa hiyo huhitaji sanamu mia mbili za plastiki zilizosafiri kutoka Nottingham, Uingereza. Kikosi cha askari wa miguu 20 kinakaa kwenye kibao cha milimita 100 kwa 80, na kibao hicho ndicho mchezo unachokiangalia. Sisi tunachapisha picha za askari stesheneri mjini, tunazibandika kwenye boksi gumu, tunazisimamisha kwenye vibao. Mdogo wangu hufunika vibao vyake kwa machicha ya kahawa yaliyokauka, akiyashika kwa gundi ya mbao, na ukitazama kwa umbali wa hatua mbili unaapa ni udongo wa kaburi. Kahawa Kibosho haijawahi kuwa tatizo.

Ukuta tuliujenga kwa yale mapovu makavu meupe yanayokuja ndani ya boksi la televisheni. Tuliyakata vipande vya sentimita 10, upana uleule wa kibao cha kikosi, ili kipande kimoja kilindwe na kikosi kimoja pasiwe na ubishi. Juu tukapaka jasi iliyochanganywa na gundi, tukachora mistari ya mawe kwa msumari kabla haijakauka, tukamalizia kwa rangi ya maji. Tulipata vipande sita, minara miwili na geti katikati.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe. Silaha kubwa kuliko zote katika Kings of War ni ubavu. Ukikivamia kikosi kwa ubavuni, mashambulizi yako yanazidishwa mara mbili. Ukikivamia mgongoni, mara tatu. Uzuri wote wa mchezo umo humo: unasogeza kikosi hiki kama chambo, unazungusha kile, unamlazimisha mwenzako ageuze uso kwa huyu na kumpa mgongo yule. Ukuta unaua hayo yote kwa mkupuo. Kikosi kilicho juu ya ukuta hakina ubavu wala mgongo, kina uso tu. Mshambulizi aliyekuwa na akili ya kuzunguka anageuzwa mtu wa kugonga kichwa mahali pamoja.

Wengi wanatibu hilo kwa kuongeza zana: ngazi ndefu zaidi, minara ya magurudumu, magogo ya kubomolea geti, manjaniki za kurushia mawe, hadi majitu. Ni vitu vizuri na mezani vinapendeza. Lakini havigusi kiini, kwa sababu vyote vinamwongezea mshambulizi nguvu ya kugonga palepale. Mlinzi bado yuko juu, bado hana cha kuamua.

Jibu nililipata kwenye historia, tena ya karibu. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Karibu miaka mitatu! Magonjwa na njaa viliwamaliza walinzi kuliko silaha. Kuna kipindi mwaka 1697 ambapo kamanda wa Kireno alishakufa na ulinzi ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza pamoja na Waswahili wake, mpaka msaada ulipofika. Mwaka huohuo Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyokuja kuokoa ngome, ikazama palepale chini yake. Waomani walipopanda ukuta mwishoni, waliowakuta ndani wakiwa hai walikuwa wachache mno. Ukuta ulikuwa umesimama muda wote. Kilichokuwa kikigombaniwa ni mlango wa bahari: chombo gani kinapita na kipi kinazuiwa.

Na huku mlimani hatukukosa ngome. Mangi (mtawala wa Kichagga) Horombo wa Keni, kule Rombo, alijenga ngome za mawe mwanzoni mwa karne ya 19. Mangi Sina wa hapahapa Kibosho alikuwa na boma lake la mawe, na hasimu wake mkubwa alikuwa Mangi Rindi wa Moshi. Februari 1891 Mjerumani Hermann von Wissmann alipokuja kulipiga boma la Sina, alikuja na wapiganaji wa Rindi pamoja naye. Nimekulia kwenye majina hayo. Kila nikipita kando ya mfongo unaoshuka kutoka msituni, ukikata ubavu wa mlima na kuingia vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, naliona swali ambalo jemadari yeyote angejiuliza kabla ya kuhesabu mawe ya ukuta: maji yanaingia ngomeni kupitia wapi, na ni nani anayesimama kule juu yanakochotwa?

Tukaweka mfongo mezani.

Kanuni yetu ni fupi. Mfongo unatoka kona ya juu ya meza na kuingia ngomeni chini ya ukuta. Banio lake, pale maji yanapogeuzwa kutoka mtoni, liko nje, inchi 14 kutoka getini. Mwisho wa kila raundi tunaangalia: kama kuna kikosi cha mshambulizi ndani ya inchi tatu za banio na hakuna cha mlinzi, mshambulizi anaweka kete moja ya kiu mbele ya ngome. Tunatumia kete za bao. Kila kete inaongeza moja kwenye jumla ya dadu na majeraha kila moyo wa walinzi unapopimwa, popote walipo, mpaka mwisho wa mchezo. Mlinzi anaruhusiwa kuanza na kikosi kimoja nje ya ukuta. Geti likifunguliwa ili watu watoke, linabaki wazi hadi mwanzo wa zamu yake inayofuata, na likizibwa na adui halifungwi tena.

Ni hayo tu. Na mara moja ubavu ukarudi mezani, kwa sababu mlinzi sasa ana kitu nje, na aliye nje ana ubavu.

Pambano ninalotaka kulisimulia lilikuwa kati ya vibeti wangu wa alama 1,000 na Wafu wa mdogo wangu wa alama 1,800. Majeshi hayo mawili yanafaana kwa kuzingirana kuliko yoyote ninayoyajua. Vibeti ni wagumu kuumiza, wana mizinga, lakini mwendo wao ni inchi nne kwa zamu, nane wakikimbia moja kwa moja bila kugeuka. Kutoka getini hadi banioni ni zamu mbili, na kurudi ni zamu mbili nyingine. Kibeti akitoka ametoka. Wafu nao hawali, hawanywi, na vikosi vyao vingi havina namba ya kusita kabisa: vinasimama mpaka vivunjike. Mifupa yao haiwezi kukimbia kama majeshi mengine, ila mchawi wao ana uwezo wa kuisukuma mbele, inchi moja kwa kila dadu iliyofaulu, hata kuiingiza vitani baada ya mwendo wa kawaida kwisha. Hofu ya kila anayepigana na Wafu ndiyo hiyo. Unapima umbali, unajiona uko salama, kisha mchawi ananyanyua mkono.

Nilimweka Mfalme getini, kikosi cha pinde ukuta wa kulia, kikosi cha ngao ukuta wa kushoto, mzinga juu ya mnara. Nje, banioni, niliweka walinzi wangu wa chuma, ambao adui anahitaji sita tupu kwenye dadu ili kuwaumiza. Mdogo wangu aliutazama mpangilio wangu kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akapanga makundi yake mawili makubwa ya maiti kuelekea getini, mizuka inayoruka nyuma yao, na upande wa banio akapeleka mifupa, wala-maiti na wachawi wote wawili.

Mjomba alikuja wakati tukianza. Tulimwamkia, akaitika marahaba, akavuta kiti. Mjomba ni mtu wa bao, na katika Kibosho yetu hii ni wachache wanaothubutu kukaa mbele yake. Alisikiliza kanuni mara moja tu. Akaninyooshea kidole banioni.

"Nyumba yako siyo ile yenye kuta," akasema. "Nyumba yako ni hii hapa. Huyu binti anakuja kuila."

Anayejua bao ameshaelewa. Nyumba ni lile shimo lenye kete nyingi mwanzoni mwa mchezo, ambalo kila mchezaji anahangaika ama kulitunza ama kulitumia kabla halijaliwa. Sikuwahi kuwaza hivyo, na tangu siku ile siwezi kuliona banio kwa namna nyingine.

Raundi mbili za kwanza zilikuwa za kukaribiana. Mzinga wangu uliingiza majeraha kwenye kundi moja la maiti na mengine yakapita hewani. Raundi ya tatu ndipo mambo yalipoanza. Wala-maiti waliwavamia walinzi wa chuma kwa mbele na karibu hawakufanya kitu. Lakini mifupa ilikuwa imesimama kando, inchi tano kutoka ubavuni, umbali nilioupima na kuuona. Mchawi wa kwanza akarusha: inchi tatu. Wa pili akarusha: inchi tatu. Mifupa ikagota ubavuni. Mashambulizi yakazidishwa mara mbili, na hata kwa sita tupu, dadu zikiwa nyingi sita zinapatikana. Walinzi walivunjika zamu ileile, na mwisho wa raundi ya tatu kete ya kwanza ya kiu ikakaa mbele ya ngome yangu.

Hapo ndipo mahali ambapo mchezo wa zamani usingenifikisha. Nilikuwa na ngome nzima. Ukuta wote mikononi mwangu, geti zima, Mfalme hajaguswa. Kwa kanuni za kawaida ningevuka mikono na kusubiri raundi ya sita iishe. Sasa nilikuwa na hesabu nyingine. Nikikaa, kila raundi inanipunguzia moyo wa jeshi zima, na maiti wanaukaribia ukuta wakati walinzi wake wanazidi kukauka koo. Nikitoka, nafungua geti mbele ya makundi mawili.

Nilifungua geti. Kikosi cha ngao kilitoka mbio inchi nane moja kwa moja kuelekea banioni.

Mdogo wangu naye alipewa uamuzi wa kweli, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi katika kanuni yetu: mzigo hauko kwa mmoja. Maiti wake hawakuwa na mwendo wa kuingia getini zamu ileile. Mizuka ilikuwa nao. Angeweza kuirusha getini ilizibe lisifungwe, au kuitupa mgongoni mwa ngao zangu zilizokuwa zimeelekea banioni. Alitembea kuizunguka meza. Alipima. Akaniuliza, "Kaka, ngao zako zina kumi na nne na kumi na sita?" Nikamwambia ndiyo: wanasita kwenye 14, wanavunjika kwenye 16. Akaichukua mizuka na kuiweka mgongoni.

Mara tatu. Majeraha sita yakaingia. Akarusha dadu mbili, zikatoa saba. Sita na saba ni kumi na tatu, na kumi na tatu ngao zinasimama imara. Lakini kete ya kwanza ilikuwa pale, na kumi na tatu ikawa kumi na nne. Wakasita.

Ningependa msomaji akae hapo kidogo. Namba moja, kete moja iliyotokana na banio lililopotea raundi iliyopita, iligeuza kikosi cha kupigana kuwa kikosi kilichosimama njiani kati ya geti na maji, hakiwezi kusonga mbele, hakiwezi kushambulia. Hakuna jiwe hata moja la ukuta lililokuwa limeanguka. Mjomba aliguna tu, ile guno ya mtu aliyeona kete zikitua anapozitaka.

Raundi ya tano niliwatoa pinde ukutani wakaipiga mizuka, na Mfalme akatoka mwenyewe kuikabili. Ikavunjika. Ngao zikapona, tayari kwenda tena banioni raundi inayofuata, huku kete ya tatu ikiwekwa. Niliwahi kulifunga geti, lakini Mfalme akabaki nje na kulia kwa ukuta hakukuwa na mtu. Ngazi za maiti zikaegemea palepale. Raundi ya sita ngao zilifika, zikawavamia wala-maiti, zikalirudisha banio. Mwisho wa raundi tulikuwa hivi: maji yangu, ukuta wa kulia wake, maiti wakiwa juu lakini hawajashuka ndani.

Katika Kings of War, raundi ya sita ikiisha unarusha dadu kujua kama kuna ya saba. Nne au zaidi, vita vinaendelea. Ilitoka tano. Maiti wakashuka ndani ya ngome, na kwa makubaliano yetu mshambulizi mwenye kikosi ndani mwishoni ndiye mshindi. Mdogo wangu alishinda, kwa haki na kwa akili, na nilimpa mkono.

Nimeulizwa na wenzetu wa mjini tunaocheza nao kama haikuwa heri kubaki ndani. Nimeirudia hesabu ile kwa makini na jibu langu halibadiliki. Kubaki kungenipa kete nyingine mbili au tatu za kiu, na walinzi wa ukuta wenye nyongeza ya nne kwenye kila kipimo wasingezuia makundi mawili ya maiti. Ningepoteza vilevile, ila nikiwa nimekaa. Geti lilifunguliwa kwa sababu lilistahili kufunguliwa, na dadu moja ya raundi ya saba haifuti hilo. Kama ingetoka tatu, Mfalme wangu angekuwa na maji na angekuwa na ngome.

Wapo wanaosema kanuni ya banio inambana mlinzi mno. Sikubaliani. Mlinzi ana ukuta, na ukuta ni zawadi kubwa: unakiondolea kikosi ubavu na mgongo. Zawadi kubwa namna hiyo lazima iwe na bei. Ninachokubali ni kwamba kiu isiwe ya milele. Mlinzi akilirudisha banio na kulishika raundi nzima, kete moja iondoke. Maji yakirudi, watu wanakunywa. Hilo tumeshaliandika.

Linalotugawa sasa ni handaki. Wachagga wa Marangu, Kilema na kwingineko walichimba mapango ya kujificha wao na mifugo yao wakati wa uvamizi, na mimi nataka vibeti wangu wawe na moja: njia ya chini kwa chini, mdomo wake ukiandikwa kwenye karatasi kwa siri kabla ya mchezo, ya kutolea kikosi kimoja nyuma ya mstari wa adui. Nimependekeza ligharimu alama 100. Mdogo wangu anataka 200, tena adui akiupata mdomo wa handaki aweze kulitumia kuingia ngomeni. Kwenye bei nitamsogelea. Kwenye la kuingia bado tunavutana, na Mjomba amekwisha kuchukua upande wake.